Injini ya Boti Ikikataa Kushika: Fuata Petroli Njia Yake

Wahenga walinena kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mwaka huu sikutaka kuandika insha ya "Ajali Niliyoishuhudia", kwa maana gazeti letu limekwisha kuwa na ajali za kutosha. Nimeamua kuandika juu ya kitu ambacho wenzetu wa upande wa ziwani hukiona kila likizo, nacho ni injini ya boti, hasa ile kuukuu ambayo leo inashika na kesho inakataa.

Wale mnaotoka Kakuma, tafadhali msifungue ukurasa mwingine. Jenereta ya dukani, pampu ya kuvuta maji ya shamba la kando ya laga, na hata bodaboda, zote zina tangi, kabureta na plagi, na kosa lake hutafutwa kwa utaratibu ule ule. Isitoshe, mimi mwenyewe somo hili nililipata Kakuma, mahali ambapo mto wake, Tarach, mara nyingi huwa ni mchanga mtupu. Nitaeleza ilivyokuwa.

Mnamo Agosti 2023, wakati wa likizo, nilikuwa Kalokol kwa mjomba wangu. Kwa asiyefika huko, Kalokol iko kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, karibu na Ghuba ya Ferguson, na mbele yake kuna ule ulimi wa mchanga wa Longech wanakokaa wavuvi. Mjomba alikuwa na injini ya nguvu za farasi 15, yenye umri mkubwa kuliko wangu. Siku hiyo tangi lilikuwa limetoka Lodwar juu ya pikapu, limejazwa petroli mpaka shingoni na kufungwa kabisa ili isimwagike njiani. Kumbukeni neno hilo, limefungwa kabisa.

Tuliondoka Longech saa tisa alasiri, sisi watatu, mjomba, mwanawe na mimi, tukielekea Eliye kuchukua nyavu. Alasiri ndiyo saa nzuri. Upepo mkali wa Ziwa Turkana hutoka kusini mashariki, huamka usiku, huvuma mpaka asubuhi, na hupungua jua likishapanda. Tulitarajia kufika kabla haujaamka.

Baada ya dakika 10 hivi injini ikaanza kukohoa, ikazima. Mjomba akavuta kamba mara sita, saba, ikashika. Tukaenda kidogo, ikazima tena. Tukapumzika, ikashika, ikazima. Mara ya nne mwanawe akasema, "Baba, hii ni kabureta imeziba. Wacha niifungue." Mjomba hakupendezwa, lakini pia hakuwa na shauri jingine. Basi binamu yangu akatoa bisibisi, akaanza kufungua kabureta palepale, boti likipanda na kushuka. Mimi nilishikilia kitambaa chini. Ghafla wimbi likatupiga ubavuni, na kile kipini kinachoshikilia boya la ndani ya kabureta, chembamba kama mwiba wa mgunga, kikateleza, kikagonga ukingo wa boti, tii! kikaenda zake majini.

Tukatazamana. Hakuna aliyesema neno.

Tulikuwa na kasia moja. Tulipiga kasia kwa zamu mpaka giza likaingia na upepo ukaamka. Usiku ule nilijifunza kuwa boti lisilo na injini halina mbele wala nyuma. Lilijigeuza ubavu, maji yakaingia, nasi tukayatoa kwa mtungi uliokatwa, mmoja akichoka mwingine anashika. Mjomba alituambia tusikae ukingoni kwa sababu ya mamba. Bahati yetu ni kwamba upepo wa kusini mashariki ulitusukuma kuelekea ufuo wa magharibi, yaani ufuo wetu. Kama ungevuma kutoka magharibi, ungetupeleka katikati ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 250, na pengine makala haya yangeandikwa na mtu mwingine. Kabla ya mapambazuko boti likapanda mchanga mahali pasipo na nyumba hata moja, tukaliburura juu na kuanza kutembea.

Siku ya pili nikapewa kabureta ndani ya mfuko wa plastiki niipeleke Lodwar. Huko nikaambiwa ninunue kabureta nzima, kwa maana kipini peke yake hakiuzwi. Bei niliyotajiwa sitaiandika hapa. Ndipo jamaa mmoja pale stendi akaniambia, "Nenda Kakuma, kuna Mkongomani mmoja anajua hizo mashine za maji." Nilidhani ananidhihaki. Mashine za maji, Kakuma? Lakini shangazi yangu anakaa Kakuma, kwa hivyo nilikuwa na pa kulala, nikaenda.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Sudan, na baadaye wakaja watu wa nchi nyingi, Kongo ikiwa mojawapo. Fundi huyo alitoka Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na huko kazi yake ilikuwa kutengeneza injini za maboti. Kakuma alikuwa akitengeneza jenereta na pikipiki. Nilipomtolea kabureta yangu alitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Akainusa, akaichungulia, akauliza, "Mtoto, mulifungua hii mbele ya kuangalia esansi?" Kwao "esansi" ni petroli, na "mbele ya" ni kabla ya.

Kisha akaniuliza maswali matatu. Tundu la hewa la tangi lilikuwa wazi au limefungwa? Kile kipira cha kukamua kilikuwa kigumu au bapa? Buji, yaani plagi, ilikuwa imelowa au kavu? Sikuweza kujibu hata moja. Hatukuwa tumeangalia. Fundi akatikisa kichwa, akachukua spoki ya baiskeli, akaikata, akaipiga tupa ikawa kipini kipya mbele ya macho yangu, na alipokuwa akipiga tupa akanifundisha haya ninayowaletea.

Njia ya petroli

Fundi alichora mstari mavumbini kwa kijiti. Mwanzo wa mstari ni tangi. Kutoka tangini petroli hupita kwenye chujio, huingia mpirani, hufika kwenye kipira cha kukamua kwa mkono, huendelea kwa mpira hadi kiungio cha injini, huvutwa na pampu ndogo ya injini yenyewe, huingia kabureta, huchanganyika na hewa, na mwisho huingia silinda ambako cheche ya plagi huiwasha. Ukitafuta kosa, anza mwanzo wa mstari uufuate. Sisi tulirukia karibu na mwisho. Makosa mengi ya injini kuukuu yako nje ya kabureta, na kuyaangalia hakuhitaji hata spana.

Lakini kabla ya kuufuata mstari, kuna mambo mawili ya aibu ambayo lazima yaangaliwe. Je, gia iko katikati? Injini nyingi zimewekewa kizuizi ili zisiwashwe zikiwa ndani ya gia. Na je, ile kamba ya kuzimia ambayo nahodha huifunga mkononi imechomekwa mahali pake? Mtu anaweza kuvuta kamba ya kuwashia hadi bega liteguke, na kumbe kitufe cha kuzimia kimejibonyeza.

Sasa tangi. Angalia kama kuna petroli, usikisie kwa uzito. Halafu angalia skrubu ndogo juu ya kifuniko. Hilo ndilo tundu la hewa. Petroli ikitoka ni lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Tundu likiwa limefungwa, injini huivuta petroli mpaka ishindwe, ndipo huzima. Ukingoja, hewa kidogo hupenya kwa wizi, injini inashika tena, kisha inazima. Mnakumbuka safari yetu ya Eliye? Inashika, inazima, inashika, inazima. Naam. Tundu lilifungwa kwa ajili ya safari ya pikapu, na hilo ni jambo la busara kabisa barabarani, lakini hakuna aliyelifungua tulipofika majini. Kosa lililotulaza ziwani lilikuwa la kuzungusha vidole viwili. Nilipolisikia hilo nilijisikia vibaya kuliko usiku ule wenyewe.

Dalili yake ni rahisi. Fungua kifuniko cha tangi mara tu injini inapozima. Ukisikia "fyuu", hewa ikiingia kwa kasi, umelipata kosa.

Kipira ndicho kinachosema

Baada ya tangi ni kipira. Hiki kina mshale, na mshale uelekee injini. Kikamue huku mshale ukitazama juu. Kikiwa sawa, baada ya kukamua mara kadhaa kinakuwa kigumu kama tunda la mkoma, maana yake kabureta imejaa.

Hapa mwanafunzi afungue masikio. Kipira kikinywea na kuwa bapa kama embe lililofyonzwa, kuna kizuizi nyuma yake, upande wa tangi. Pengine tundu la hewa limefungwa, chujio limejaa uchafu, au mpira umekunjika chini ya mizigo. Kipira kikiwa kigumu na bado injini haipati petroli, kizuizi kiko mbele yake, upande wa injini. Labda kiungio hakijabana sawasawa, au sindano ya kabureta imeganda. Na kipira kisipokuwa kigumu hata ukikamua mpaka kesho, basi petroli inavuja, au hewa inaingia mahali fulani, au vali zake za ndani zimechoka. Mpira uliokaa juani miaka kumi hupasuka mipasuko midogo isiyoonekana mpaka uukunje. Jua letu mnalijua. Lodwar joto la mchana hupita nyuzi 35 karibu mwaka mzima.

Kwa hivyo mkono mmoja tu, bila bisibisi, unaugawa ule mstari mara mbili na kukuambia kosa liko upande gani. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika somo hili.

Petroli yenyewe

Kuna wakati njia ni safi lakini kinachopita ndicho kibaya. Huku kwetu petroli huuzwa pia kwa mitungi na chupa kando ya barabara, na mtungi uliobeba maji jana hubeba petroli leo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini. Mimina kiasi kwenye chupa nyeupe, uiache itulie. Ukiona mstari unaogawa chupa, na chini kuna matone yanayotembea kama zebaki, hayo ni maji. Mwaga, usihurumie shilingi.

Wapo pia wanaochanganya mafuta taa. Jambo hili lilizidi nchini hata mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi safi. Petroli halisi hukauka upesi bila kuacha alama ya maana, lakini mafuta taa huacha doa la mafuta. Jaribio hili ulifanye kabla ya kutia oili, la sivyo utamsingizia mwenye duka bure.

Na kwa nini tunatia oili? Injini nyingi kuukuu za maboti ni za mipigo miwili. Gari lina oili yake chini, peke yake. Injini ya mipigo miwili haina. Petroli hupitia tumboni mwa injini kabla ya kupanda kwenye silinda, na oili iliyochanganywa nayo ndiyo inayolainisha pistoni na beringi. Ukisahau oili, pistoni hukwama ndani ya silinda, na hapo hakuna spoki ya baiskeli itakayokuokoa. Ukizidisha, moshi unakuwa mwingi na plagi inashika masizi. Kipimo kinachotumika sana ni oili 1 kwa petroli 50, yaani mililita 400 kwa mtungi wa lita 20. Injini za zamani zaidi, au mpya inayozoezwa, huweza kutaka 1 kwa 25, yaani maradufu. Fuata kitabu cha injini au kibandiko chake, si maneno ya jirani. Uchanganye kwenye mtungi na kuutikisa, usimimine oili tangini ukadhani mawimbi yatakuchanganyia.

Petroli pia huzeeka. Sehemu yake nyepesi, ile inayowaka upesi injini ikiwa baridi, huruka kwanza, na kwenye joto letu huruka haraka. Ile iliyobaki ndani ya kabureta hukauka ikaacha oili na utomvu unaonata kwenye vijitundu. Ndiyo maana boti lililokaa mwezi mzima bila kazi hukataa kushika. Dawa yake ni kuchomoa mpira wa petroli siku ya mwisho ya kazi na kuiacha injini ijimalize yenyewe, ikiwa bado majini. Nasisitiza, ikiwa majini. Injini ya boti hupozwa na maji inayoyavuta kutoka chini. Ukiiwasha nchi kavu ili kuijaribu, hata kwa dakika chache tu, unaunguza pampu yake ya maji. Ukitaka kujaribu nyumbani, itumbukize kwenye pipa lenye maji.

Jambo jingine ambalo nimewaona wenzangu wengi wakilifanya ni kufyonza petroli kwa mdomo kupitia mpira. Acheni. Ikiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya sana, na ukishaimeza usijitapishe, nenda hospitali.

Plagi imelowa au kavu?

Ikiwa kipira ni kigumu, petroli ni safi, na bado injini imenuna, fungua plagi. Umevuta kamba mara nyingi na plagi imetoka kavu? Petroli haifiki ndani ya silinda. Imetoka imelowa? Petroli inafika, ila haiwaki, au imefika nyingi mno.

Ikiwa ni kavu, mimina tone mbili tatu za petroli yenye oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Injini ikishika kwa sekunde moja mbili kisha ikafa, cheche ni nzima na njaa ni ya petroli. Sasa ndipo unaruhusiwa kuitazama kabureta kwa jicho baya.

Ikiwa imelowa, labda umeivuta mno huku choki ikiwa imefungwa, na injini imelewa. Fungua choki, kausha plagi, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili petroli iliyozidi itoke, ngoja kidogo, kisha jaribu tena. Bado? Angalia cheche. Chomeka plagi kwenye waya wake, gusisha chuma chake kwenye mwili wa injini, mbali na tundu lililo wazi, na uzibe tundu hilo kwa kitambaa. Futa petroli yote iliyomwagika kwanza, kwa maana mvuke wake ukikutana na cheche mtaungua ninyi na boti lenu. Mtu mwingine avute kamba. Cheche ya samawati inayolia "ta!" ni nzuri. Ya manjano hafifu ni dhaifu, na kama hakuna kabisa, badilisha plagi kabla ya kushuku koili. Plagi ya akiba ni bei ya soda chache, na kila boti lingebeba moja ndani ya mfuko usioingia maji.

Kama petroli ipo, cheche ipo, na kamba inavutika kwa wepesi kama ya kifaa cha kuchezea watoto, huenda mgandamizo umepungua kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Hiyo si kazi yetu ya leo.

Kabureta ifunguliwe wapi?

Nchi kavu. Juu ya kitambaa cheupe au ndani ya karai. Fundi alinirudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa ananitazama kama mwalimu wa hisabati. Ile skrubu ndogo ya hewa, kabla ya kuitoa, ikaze polepole ukihesabu mizunguko, uandike, ili uirudishe palepale. Jeti, kile kijitundu cha shaba nyekundu au njano, usikizibue kwa waya, maana shaba ni laini na tundu likipanuka injini itakunywa petroli kupita kiasi. Fundi hutumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kisha hupuliza kwa pampu ya baiskeli. Nilicheka. Uzi huo Kalokol umetapakaa kila mahali, na niliusafiria mpaka Kakuma ili nionyeshwe kazi yake.

Boya la kabureta hufanya kazi kama lile la tangi la choo cha kuvuta maji. Petroli ikijaa boya hupanda na kusukuma sindano izibe njia. Kipini kisipokuwepo, boya halina bawaba, na kabureta ama hufurika ama hukauka. Ndiyo sababu kitu kidogo kama mwiba kilitushinda.

Hapa niseme kidogo juu ya asili ya chombo hiki. Mmoja wa watu walioifanikisha injini ya kuning'iniza nyuma ya boti alikuwa Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekulia Marekani. Alianza kuziuza mwaka 1909. Na watu wa Norway ndio waliosaidia kujenga kile kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambacho hakikudumu katika kazi hiyo. Jengo lipo, injini nazo zipo, ila mafundi wa kutosha ndio haba.

Mwalimu wetu huenda akaniuliza juu ya msamiati. Kamusi husema "rafadha", wavuvi wa kwetu husema "propela", na mimi nimetumia maneno ya mafundi kwa sababu ndiyo utakayoyasikia ukiomba msaada. Fundi wa Uvira alisema "moteri", "esansi" na "buji", nami nilisema "injini", "petroli" na "plagi", na kwa nusu saa tulielewana barabara. Sioni aibu ya maneno hayo yote kuwa ya Kiswahili.

Nilirudi Kalokol na kipini cha spoki. Tuliifunga kabureta juu ya mkeka, tukaitumbukiza injini ndani ya pipa, tukafungua tundu la hewa, tukakamua kipira mpaka kikawa kigumu. Mjomba alivuta mara mbili tu. Tangu siku hiyo amefunga kitambaa chekundu kwenye ile skrubu ya tangi, na haruhusu mtu kusukuma boti majini kabla yeye mwenyewe hajakigusa kitambaa hicho.

Kwa wanachama wanaotaka zoezi, haya hapa maswali, na majibu myalete kwenye kikao cha kwanza cha muhula ujao. La kwanza: injini ya Lowarengak inashika ukiweka tone la petroli kwenye tundu la plagi, kisha inakufa, na kipira ni kigumu kama tunda la mkoma. Kosa liko upande gani wa kipira, na utaangalia nini kwanza? La pili: una tangi la lita 24 na injini inayotaka 1 kwa 50. Oili ni mililita ngapi? La tatu, na hili ni la wenzetu wa Kakuma: jenereta ya dukani inawaka dakika tano, inazima, inapumzika, inawaka tena, na haina kipira cha kukamua. Utaanza kuangalia wapi?